Katika Kuitetea Sarufi ya Kijerumani

Imeenea siku hizi, tangu Nairobi hata Dar es Salaam, nayo imekwisha kupokewa hata na baadhi ya walimu ambao ilipasa wawe wa mwisho kuipokea, rai isemayo kwamba mtu mzima anayeanza Kijerumani na aiweke sarufi kando. Asikilize, aigize, aseme bila ya kuogopa kukosea, na kaida za lugha zitamjia zenyewe kama zilivyomjia utotoni katika lugha ya mama yake. Rai hii hutembea pamoja na nyingine, ambayo kwa dhahiri yake yapingana nayo lakini kwa matokeo yake ni ile ile: kwamba sarufi ya Kijerumani, kwa vile ilivyo nzito, haishikiki na mtu aliye peke yake na kitabu chake, kwa mwendo wake na kwa saa zake, bali ni lazima aketi darasani na kuongozwa na mwalimu hatua kwa hatua. Ya kwanza humwambia mwanafunzi kuwa sarufi haina haja. Ya pili humwambia kuwa yeye hana uwezo nayo. Aliyezisadiki zote mbili hatafungua kitabu cha sarufi kabisa, na hapo ndipo dhara lilipo. Mimi nazikanusha zote mbili.

Jambo hili si la mabishano ya barazani tu. Tangu mwaka 2007 sheria ya Ujerumani humtaka mume au mke anayekwenda kuishi na mwenzake huko aoneshe, akiwa angali kwao, kuwa anakijua Kijerumani cha daraja ya mwanzo kabisa, A1, isipokuwa waliosamehewa kwa sababu maalumu. Muuguzi anayetafuta kazi katika hospitali zao hutakiwa kufika B1 au B2. Na mwezi wa Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mapatano ya uhamiaji na ajira, ambayo yamewatia vijana wengi shauku ya lugha hiyo. Nyuma ya herufi na tarakimu hizo zimo ada za masomo, ada za mtihani, kazi zilizoachwa na ndoa zinazongoja. Mtihani wenyewe hupima mambo manne, kusikia, kusoma, kuandika na kusema. Na yule aliyelelewa kwa vifungu vya maneno vya kuigiza, ambaye katika kusema huenda akaokolewa na uchangamfu wake na huruma ya msikilizaji, hana wa kumwokoa mbele ya karatasi anayotakiwa kuandika juu yake barua fupi. Basi anayemshauri mwanafunzi vibaya katika jambo hili humtia hasara ya fedha na ya miaka, ijapokuwa nia yake ni njema.

Hoja wanayoitegemea zaidi ni ya mtoto. Husema: mtoto wa Kijerumani hakufundishwa Akkusativ wala Dativ, yaani hali ya jina la mtendwa na ya mtendewa, naye azungumza, kwa nini mtu mzima ataabishwe? Nami nauliza: mtoto huyo alipewa nini hata akazungumza? Alipewa mama, baba, ndugu na jirani, wote wakimsemesha tangu anapofungua macho asubuhi hata anapolala. Alipewa miaka mitatu minne ambayo hakuna aliyemtaka afanye kazi nyingine yoyote duniani. Na pamoja na hayo yote huendelea kwa muda mrefu kuichanganya Dativ na Akkusativ, na wazazi wake humsahihisha au humwachilia, kwani wana wakati wa kutosha. Mwanafunzi wetu wa Tanga au Kisumu ana saa moja usiku baada ya kazi, na nje ya dirisha lake hakipiti Kijerumani hata neno moja. Kumwambia huyu ajifunze kama mtoto ni kumpa agizo la mtu mwenye mali ambayo yeye hanayo. Tena kumwambia hivyo ni kumnyima ile mali aliyo nayo na ambayo mtoto hana, yaani akili iliyokomaa, iwezayo kuielewa kaida kwa kuisoma mara moja na kuitumia katika mifano mia.

Wapo wanaoizungumza hoja hiyo hiyo kwa lugha ya wataalamu. Maximilian Berlitz, mzaliwa wa Württemberg aliyehamia Marekani, alifungua shule yake ya kwanza Providence mwaka 1878, na njia yake, ya kumfundisha mgeni lugha kwa lugha hiyo hiyo bila ya tafsiri wala masomo ya kaida, ikaenea ulimwenguni. Karne moja baadaye Stephen Krashen, naye wa Marekani, alieleza kwamba kuna kuipata lugha na kuna kujifunza lugha, na kwamba kaida alizojifunza mtu kwa kusudi humsaidia tu kujikagua, ilhali ufasaha wa kweli hutokana na kusikia na kusoma maneno mengi anayoyaelewa. Siwabezi watu hawa. Lakini wanaowanukuu kwetu husahau sharti lililomo ndani ya maneno yao: kwamba maneno hayo yaeleweke. Na Kijerumani hakieleweki bila ya sarufi yake hata katika sentensi fupi. Chukua sentensi hii: Den Mann beißt der Hund. Asiyejua kaida, aliyezoea kwamba linalotangulia ndilo linalotenda, atafahamu kuwa mwanamume amemng'ata mbwa. Maana yake ni kinyume: mbwa ndiye aliyeng'ata, na yanayolisema hilo ni yale maneno mawili madogo, den na der. Mtu akisikia sentensi elfu za namna hiyo pasina kujua kazi ya den na der atakuwa amezifahamu vibaya sentensi elfu. Sarufi, basi, haisimami mkabala na kusikia kwingi wanakokusifu. Ndiyo inayokufanya kuwe na faida.

Na hapa kuna jambo ambalo wasifuo masikio hawalitaji, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Mzigo wa sarufi ya Kijerumani umewekwa katika silabi zisizo na mkazo, mwishoni mwa maneno na katika vijineno vidogo vinavyotangulia majina, na silabi hizo ndizo wenyewe wanazozimeza wanapozungumza. Katika maandishi utakuta mit dem Bus, kwa basi. Mdomoni mwa mtu wa Berlin aliye na haraka utasikia mit'm Bus. Einen huwa 'nen, na mara nyingine hubaki 'n tupu. Mjerumani hapotewi na kitu, kwa sababu kaida imo ndani yake naye huijaza mwenyewe. Mgeni asiyeijua hana cha kujazia. Sikio la mtu mzima hukamata kile linachokitazamia, na asiyejua kuwa baada ya mit hufuata Dativ hatatazamia dem, kwa hiyo hataisikia, kwa hiyo hataisema, na miaka kumi ya kukaa Hamburg haitamponya. Nani asiyepata kukutana na watu waliokaa ughaibuni nusu ya umri wao, wanaozungumza kwa kasi na bila ya soni, na ambao hawawezi kuandika barua ya kuomba nyumba? Hao si wavivu wala si wapumbavu. Waliambiwa kuwa lugha itawajia yenyewe, nayo ikawajia nusu.

Watu wa pwani hawakupaswa kudanganyika kwa rai hii, kwani wana desturi yao ya kale ambayo yaikadhibisha. Katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi aliyetaka kukifahamu Kiarabu kwa kina, baada ya kuhitimu kuisoma Kurani, alitiwa mikononi kijitabu chembamba cha nahau, Ajrumiya, alichokitunga Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Humo alijifunza kwamba jina likiwa ni la mtenda huwa marfuu, likiwa ni la mtendwa huwa mansub, na likitanguliwa na herufi ya jarr huwa majrur, na kwamba mabadiliko haya huonekana mwishoni mwa neno. Alikisoma mbele ya sheikh, ni kweli. Lakini saa nyingi za kukariri, za kuandika na kufuta, za kuichambua aya moja neno kwa neno, alizitumia peke yake, kila mmoja kwa mwendo wake, huyu akamaliza kwa miezi na yule kwa mwaka na zaidi, wala hapakuwa na aliyeaibishwa kwa kukawia. Wanavyuoni wetu waliosoma vitabu vizito vya fikihi na tafsiri walipita mlango huo. Sasa zitazame kaida za Kijerumani: aus, bei, mit, nach, seit, von na zu hulitia jina katika Dativ, na durch, für, gegen, ohne na um hulitia katika Akkusativ. Aliyepata kusoma herufi za jarr atasema hili analijua, na hatastaajabu kuambiwa kuwa maneno hayo saba na yale matano hukaririwa kwa moyo kwanza, kisha huandikiwa mifano mpaka mkono uzoee.

Nageukia rai ya pili, ile ya ugumu. Sifa mbaya ya Kijerumani haikuletwa kwetu na Wajerumani. Imeletwa, kwa sehemu kubwa, na wasemaji wa Kiingereza, na mashuhuri wao ni Mark Twain, ambaye mwishoni mwa kitabu chake cha safari, A Tramp Abroad cha mwaka 1880, alitia makala nzima ya kukilaumu Kijerumani, na miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba msichana hana jinsia ilhali tanipu inayo. Malalamiko hayo yanafahamika kutoka kwa mtu ambaye lugha yake ilikwisha kupoteza upatanisho wa majina karne nyingi zilizopita. Sisi tunayarudia kwa sababu gani? Mswahili husema kikombe changu kimoja kimevunjika, na vikombe vyangu vitatu vimevunjika, na katika pumzi moja amelipatanisha jina na kimilikishi, na idadi, na kitenzi. Kesho yake husema mti wangu mmoja umeanguka na miti yangu mitatu imeanguka, na hajui kuwa amefanya jambo ambalo wageni hulitolea jasho. Ana ngeli nyingi kuliko jinsia tatu za Kijerumani, na kwake kamwe haikuwa ajabu kwamba majina yamepangwa katika makundi ambayo hayana habari ya uume wala uke, na kwamba kundi la jina ndilo linaloamuru sura ya maneno yanayolizunguka. Msichana wa Kijerumani, das Mädchen, yumo katika kundi la das kwa sababu neno lake limekwisha kwa -chen, na kila neno la kudogosha lenye mwisho huo huingia humo. Mswahili anayesema kijana wangu na kijiji changu, akijua kuwa umbo la neno lina amri zake na uhai wa kiumbe una amri zake, hana la kulalamikia hapo.

Wala siwafichi wasomaji mahali ambapo taabu ipo kweli. Jina la Kiswahili aghalabu hubeba alama ya ngeli yake usoni. Jina la Kijerumani mara nyingi halina alama, na mwanafunzi hana budi kulihifadhi pamoja na der, die au das yake tangu siku anapolikuta, wala asiandike Tisch peke yake katika daftari, bali der Tisch. Hata hivyo alama si chache kama inavyodhaniwa: maneno yenye kuishia kwa -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni ya die, yenye -chen na -lein ni ya das, yenye -ling na -ismus, pamoja na siku zote za juma, miezi yote na majira yote, ni ya der. Na jedwali lile la kutisha, la jinsia tatu na wingi zikizidishwa kwa hali nne, lina nafasi 16, lakini nafasi hizo 16 zinajazwa na maneno 6 tu: der, die, das, den, dem, des. Katika kutoka Nominativ, hali ya mtenda, kwenda Akkusativ linalobadilika ni moja, der kuwa den. Die na das hubaki kama zilivyo, na die ya wingi vile vile. Mtu aliyeambiwa haya mwanzoni, kwa utaratibu, huona kuwa kazi ina mipaka. Aliyefichwa jedwali kwa kuhurumiwa hukutana na vijineno hivyo sita vikimjia kila upande bila ya mpango, der mara kwa baba na mara kwa mama, na hukata tamaa akiamini kuwa lugha haina kanuni.

Der ya mama yastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndipo wanapoanguka wengi. Nimemwandikia mama barua, husema Mswahili, na kauli ya kutendea ndani ya kitenzi chake ndiyo inayoeleza kuwa barua imeandikwa na mama ndiye aliyeandikiwa. Mjerumani hana kauli hiyo kama tulivyo nayo. Mzigo ule ule huubeba mbele ya jina, katika Dativ: Ich habe der Mutter einen Brief geschrieben. Mama ni die Mutter, lakini akiwa ndiye aliyeandikiwa huwa der Mutter. Barua ni der Brief, lakini ikiwa ndiyo iliyoandikwa huwa einen Brief. Ukiziweka sentensi hizi mbili kwa jozi, ya Kiswahili juu na ya Kijerumani chini, mwanafunzi huona kwa macho yake kuwa fikira ni moja na kwamba lugha mbili zimeiweka alama mahali mbalimbali. Mazoezi ishirini ya namna hiyo, nimempikia mgeni chakula, tumemnunulia mtoto viatu, wamemletea mgonjwa dawa, yakifanywa bila haraka katika jioni tatu au nne, hufundisha Dativ kuliko mazungumzo ya mwezi mzima ya kuagiza kahawa katika mkahawa wa kubuni.

Namjua muuguzi mmoja aliyejisomea mwanzo wa lugha hii mezani pake, baada ya zamu, na daftari lake nimelitazama. Ukurasa mmoja ulikuwa umejaa sentensi ya namsaidia mwalimu, na mara kadhaa alikuwa ameandika Ich helfe den Lehrer, kisha akaitazama sehemu ya majibu nyuma ya kitabu na kuikuta dem Lehrer, akafuta, akaandika upya, na kesho yake akakosea tena. Jambo lililonifurahisha ni mstari mdogo pembeni, wa wino mwingine, alipokuwa amekwisha kutambua mwenyewe kwamba kosa halikuwa katika jina. Lilikuwa katika kitenzi, kwa kuwa helfen hutaka Dativ, na chini yake akaviorodhesha vingine alivyovikuta vikifanya vivyo hivyo: danken, antworten, gehören, gefallen. Ugunduzi huo haukuletwa na mtu. Ulitoka katika kosa lililokaa kwenye karatasi likitazamwa, likarudi, likatazamwa tena. Katika mazungumzo msikilizaji muungwana angelifahamu alichokusudia, angelitikisa kichwa kwa ukarimu na kuendelea, na kosa lingelipita bila ya kuonekana siku hiyo na siku elfu nyingine. Karatasi haina ukarimu wa namna hiyo, nayo kwa hilo ni mwalimu bora kwa mwanzo.

Hapo ndipo pana ubora wa mtu kwenda kwa mwendo wake. Darasa lina mwendo mmoja. Dativ hupita juma moja, na aliyekuwa na mgonjwa nyumbani juma hilo, au ambaye kichwa chake kilihitaji majuma matatu, huachwa nyuma na kila somo lijalo hujengwa juu ya shimo. Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na akaandika matokeo yake katika Über das Gedächtnis mwaka 1885, alionesha kwamba yaliyohifadhiwa hupotea upesi mwanzoni kisha polepole, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hushika kuliko marudio yale yale yaliyorundikwa katika siku moja. Sebastian Leitner, katika So lernt man lernen cha mwaka 1972, aliifanya elimu hiyo kuwa kazi ya mikono: kasha lenye vyumba, na kadi ndani yake, kadi iliyojibiwa sawa huhamia chumba cha mbele na kuulizwa baada ya muda mrefu zaidi, iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza. Kasha hilo laweza kutengenezwa kwa boksi la viatu, na programu nyingi za simu leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Hakuna darasa liwezalo kumwekea kila mwanafunzi kasha lake. Ni mwanafunzi mwenyewe tu ajuaye ni kadi ipi inayomrudia.

Na wale wasemao kuwa lugha haijifunzwi peke yake wangeitazama tarihi ya Wajerumani wenyewe. Gustav Langenscheidt alikuwa hajatimiza miaka 24 alipoanzisha jumba lake la uchapishaji mjini Berlin mwaka 1856, na alilianzisha ili kuchapisha barua za masomo ya Kifaransa alizozitunga pamoja na Charles Toussaint kwa ajili ya wenye kujisomea, mafundi na makarani na wengineo wasioweza kuhudhuria shule. Kila barua ilikuwa na somo, matamshi yaliyoandikwa, na mazoezi. Jumba hilo likawa miongoni mwa majumba makubwa ya kamusi duniani. Tukija upande wetu tunamkuta Sayyida Salme binti Said, mzaliwa wa Unguja mwaka 1844, ambaye katika zama ambazo binti hakufundishwa kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, Kurani ikiwa mbele yake naye akiziiga herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alifika Hamburg mwaka 1867, na mwaka 1886 akatoa kumbukumbu zake, kitabu chenye sehemu mbili, kwa Kijerumani. Watasema aliishi kati ya wenyewe. Naam, aliishi, na miaka mingi hivyo. Lakini waliishi Hamburg wageni wengi ambao hawakuandika kitabu. Aliyekwenda huko alikuwa ni mtu aliyekwisha kujizoeza, tangu utoto, kukaa na maandishi mpaka yamtii.

Tena tuwatazame Wajerumani waliotoka kwao kuja kujifunza lugha yetu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 ikachapishwa Tübingen sarufi yake ya Kiswahili; alikaa na wenyeji, akawauliza, akawasikiliza, lakini alikuwa akizipanga ngeli na nyakati za vitenzi tangu mwanzo, wala hakungoja zimjie zenyewe. Chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kiliwaweka pamoja wanasarufi wa Kijerumani na wasemaji wetu kama Amur bin Nasur wa Unguja na, baadaye, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Nia ya wengi waliosomea huko ilikuwa kuja kututawala, nami sisifu nia hiyo. Nasema tu kwamba waliotaka kukijua Kiswahili kwa haraka na kwa uhakika hawakuidharau sarufi, na ni jambo la kusikitisha kuwa leo mtoto wetu anayetaka kukijua Kijerumani kwa ajili ya riziki yake anaambiwa aidharau.

Kuna yasiyowezekana peke yake, nami nayakiri bila kusukumwa. Tofauti ya ü na u, na ile ch ya ich ambayo si ile ya Bach, hazitoki katika kitabu. Zataka sauti ya mtu, na kama mtu hayupo basi masomo ya sauti, kama yale ya bure yatolewayo na Deutsche Welle. Insha nayo yataka msahihishaji, kwa kuwa majibu ya nyuma ya kitabu hayawezi kutazamia kila atakachoandika mtu. Heinrich Schliemann, Mjerumani aliyejifundisha lugha nyingi, ambaye watetezi wa masikio humpenda kwa sababu hakuwa na subira na vitabu vya sarufi, aliandika kila siku, akampelekea mwalimu asahihishe, akakikariri kilichosahihishwa. Kwa hiyo hata yeye aliipata sarufi kwa kalamu. Mwalimu ana mahali pake, na mahali hapo ni pa heshima zaidi anapokuja kwake mwanafunzi aliyekwisha kulishika jedwali, akiwa na maswali yake mkononi, kuliko anapojiwa na watu thelathini wanaosubiri kuambiwa der ni nini.

Tunachokosa ni kitabu. Vingi ambavyo kijana wa Morogoro au Nakuru huvikuta vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtu ambaye upatanisho wa majina ni mgeni kwake, na kwa hiyo humweleza msomaji wetu kwa kurasa nyingi lile analolijua na humpitisha haraka lile asilolijua. Walio na elimu ya kuandika kitabu kingine tunao: waliosomesha Kijerumani katika shule za sekondari za Kenya, waliosomea Leipzig zama za Ujerumani ya Mashariki, waliorudi na shahada zao kutoka Bayreuth. Nawaomba waianze sura ya kwanza kwa ngeli za Kiswahili na waziingize jinsia tatu kwa mlango huo. Kauli ya kutendea waiweke ubavuni mwa Dativ. Kitenzi kinachokaa nafasi ya pili, na kinachotupwa mwisho baada ya weil, wakipe mazoezi mengi kuliko maelezo. Sentensi zitoke hospitalini, gereji, jikoni na sokoni. Kila zoezi jipya lirudishe ya nyuma kidogo. Na majibu yote, pamoja na sababu ya kila jibu, yachapwe mwishoni, ili aliye peke yake usiku asilazimike kumngoja mtu.